Likizo ya Wasomi na Migomba ya Wazee

Kila mwaka, muhula wa kwanza wa vyuo vikuu unapomalizika, mabasi yapitayo Nyakanazi hushusha vijana wanaorejea makwao Biharamulo na Ngara kwa mapumziko ya wiki chache. Wengine wametoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Wako wanaokuja kupumzika tu, nasi hatuwalaumu, maana mitihani si mchezo. Lakini wako pia wanaotaka kujitolea katika vijiji vyao, na hao wanastahili kuambiwa waziwazi kijiji kinahitaji nini kwao.

Kujitolea kwa aina hii si jambo geni nchini. Mwaka 1967 karibu watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika; ilipofika 1977 walikuwa wamebaki 27. Walimu wa Serikali wasingeiweza kazi hiyo peke yao. Madarasa mengi yalifundishwa na watu wa kujitolea, wakiwamo vijana waliotoka tu shule ya msingi. Mkoa wa Ziwa Magharibi, ulioitwa Kagera tangu 1979, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kanda ya ziwa ambako kisomo chenye manufaa kilijaribiwa kuanzia 1968 kwa msaada wa UNESCO. Mwanakisomo alijifunza herufi na kilimo kwa pamoja, na miongoni mwa vitabu vyake vilikuwamo vya pamba na vya migomba.

Leo migomba hiyo inamhitaji tena mwalimu. Tangu mwaka 2006 mnyauko umo mkoani Kagera, ukigeuza mashamba yaliyolisha vizazi kuwa mabua makavu. Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, na huenezwa pia na kisu cha mkulima mwenyewe anapotoka shina moja kwenda jingine. Kinga yake haina gharama kubwa: kuondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kupitisha kisu katika moto au jiki, na kuukata usawa wa ardhi mgomba ulioambukizwa mara dalili zinapoonekana. Kinachopungua ni mtu wa kupita nyumba kwa nyumba, akaonyesha kwa mikono yake, akarudi tena wiki inayofuata. Bwana shamba mmoja mwenye vijiji kadhaa hawezi. Kijana wa chuo aliyezaliwa hapo, anayezungumza Kihangaza au Kishubi, anaweza.

Hata hivyo aende kwa adabu. Mzee hakati mgomba uliopandwa na baba yake kwa sababu tu mjukuu amesoma bayolojia. Kwanza salamu, kisha kuuliza, kisha kusikiliza, shamba baadaye.

Wananchi wa Ngara wanawafahamu wasaidizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na magari ya mashirika yakajaa Benaco. Wengi wa wakimbizi waliporejeshwa kwao Desemba 1996, magari mengi nayo yaliondoka. Msaada ule uliokoa maisha na hatuubezi. Lakini mwanafunzi naye huondoka, tena baada ya wiki tatu tu. Kwa hiyo asiondoke kabla ya kuacha katika kila kitongoji watu wawili wanaoijua kazi, na kwa ofisa mtendaji wa kijiji daftari lenye orodha ya mashamba aliyoyakuta yana ugonjwa. Kufyeka majani ya zahanati kwa saa moja, fulana zikiwa mpya na picha zikipigwa, kisha kupanda basi, hatuwezi kukuita kujitolea.

Lawama isiwaangukie vijana peke yao. Viongozi wa vijiji wengi huwangoja bila mpango wowote, na wanapofika huwakabidhi mafagio. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zinajua tarehe za likizo. Tunazitaka ziviandikie vyuo kabla ya Januari kwisha, zikitaja vijiji vyenye mnyauko, shule zisizo na mwalimu wa hisabati, na jina la kiongozi atakayewapokea wanafunzi. Mvua za masika huanza Machi, na wadudu hawasubiri barua.