Ziwa Lisimuliwe na Wana wa Ziwa

Filamu ya Hubert Sauper wa Austria juu ya biashara ya sangara wa Mwanza, iliyotoka mwaka 2004, iliwania hata tuzo ya Oscar. Rais Kikwete aliishutumu mwaka 2006. Hata hivyo, picha hujibiwa kwa picha.

Mwaka huo huo wa 2004, ng'ambo ya ziwa, Mira Nair alianzisha Kampala karakana iitwayo Maisha, ya kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki kuandika na kuongoza filamu. Mama huyo, mzaliwa wa India mwaka 1957, alikwisha tunukiwa Cannes mwaka 1988 kwa Salaam Bombay!, na Venice mwaka 2001 kwa Monsoon Wedding. Angeweza kustarehe na sifa zake. Akachagua kugawa ujuzi. Filamu yake ya mwaka 2016, Queen of Katwe, haikuuficha umaskini wa Kampala, lakini ilimwonyesha binti mcheza sataranji akiwa mtu kamili.

Walimu na maofisa utamaduni wa Mwanza, Musoma na Bukoba wana wajibu hapa. Watoto wa wavuvi wanalijua ziwa kuliko mgeni yeyote. Wafundishwe kulisimulia, uchungu wake na heshima yake pia.