Mkazo wa Kazi Si Uzito Peke Yake

Neno mkazo si geni kwa mwanafunzi wa Fizikia. Ukining'iniza uzito kwenye waya, waya hurefuka. Ukiuondoa mapema, waya hurudia urefu wake wa awali. Ukizidisha mno, hairudi tena, na mwishowe hukatika. Neno hilo la wahandisi liliazimwa na wataalamu wa fiziolojia ili kueleza yanayompata kiumbe hai aliyelemewa. Aliyelieneza zaidi ya wote ni Hans Selye, ambaye mwaka 1936, akiwa Montreal nchini Kanada, alitangaza kwamba panya walioteswa kwa njia mbalimbali, kama vile baridi, sumu na kuchoshwa kupita kiasi, walionyesha dalili zile zile: tezi za adrenali zilivimba na tumbo likafanya vidonda.

Asili ya dalili hizo ni utaratibu wenye manufaa. Tangu mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa ameeleza jinsi mnyama anayekabiliwa na hatari anavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, ini hutoa sukari, misuli hupata damu zaidi, na tumbo husimamisha kwa muda kazi ya kumeng'enya chakula. Homoni nyingine, kotisoli, hufuata na kuiendeleza hali hiyo. Swala aliyemponyoka simba hutulia baada ya muda mfupi akarudi malishoni. Lakini karani anayemwogopa mkuu wake, au mwalimu anayengoja barua ya kutakiwa kujieleza, hana wa kupigana naye wala pa kukimbilia. Maandalizi yale yale huendelea juma baada ya juma, na hapo ndipo usingizi hupotea, shinikizo la damu hupanda na kinga ya mwili hudhoofika.

Mpaka hapo mfano wa waya umetufaa. Tangu hapo, kwa maoni yangu, umetupotosha. Waya haiulizi ni nani aliyeutundika uzito, wala kama uzito huo ungeweza kutundikwa vingine. Mtu huuliza. Kwa kuwa tumemfananisha mfanyakazi na waya, tiba tunazomshauri ni mbili tu: apunguziwe mzigo, jambo ambalo mara nyingi haliwezekani, au avumilie, yaani awe waya nene zaidi. Tumesahau jambo la tatu, nalo lina ushahidi mzito kuliko yote.

Ushahidi huo ulitoka mahali ambapo wengi hawakuutazamia, yaani katika ofisi za serikali ya Uingereza mjini London. Kuanzia mwaka 1967 wachunguzi walipima afya ya watumishi wanaume wapatao 18,000. Wakati ule ilisadikiwa kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wakubwa, kwa kuwa ndio wenye majukumu mazito na maamuzi magumu. Matokeo yalikuwa kinyume. Watumishi wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko wale wa ngazi ya juu kabisa. Uvutaji wa sigara, shinikizo la damu na mengine ya jinsi hiyo yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo, pungufu ya nusu. Uchunguzi wa pili, uliochukua wanaume na wanawake 10,308 na kuanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot, ulitafuta sababu iliyobaki. Mwaka 1997 ilitolewa taarifa kwamba jambo moja lilijitokeza kwa nguvu: kiasi cha kauli aliyo nayo mtumishi juu ya kazi yake mwenyewe. Asiyekuwa na kauli aliugua moyo zaidi.

Kabla ya hapo, mwaka 1979, Mmarekani Robert Karasek, akitumia takwimu za Marekani na Sweden, alikuwa amepambanua kazi kwa vipimo viwili: wingi wa madai ya kazi, na uwezo wa mfanyakazi kuamua namna ya kuyatimiza. Kazi yenye madai makubwa bila uwezo wa kuamua ndiyo iliyowachosha na kuwasononesha watu. Kazi yenye madai makubwa pamoja na uwezo wa kuamua haikuwa hivyo hata kidogo. Watu walijifunza humo na kuipenda. Kwa hiyo ari ya kazi na mkazo unaoumiza vyaweza kutoka katika mzigo ule ule.

Tuchukue walimu wawili wa Hisabati, kila mmoja ana vipindi 30 kwa juma na madarasa yaliyofurika. Wa kwanza hupewa ratiba siku ya kufungua shule, huhamishwa kidato katikati ya muhula bila kuulizwa, hupangiwa hata siku ya kutoa majaribio, kisha huulizwa yeye peke yake kwa nini wanafunzi wamefeli. Wa pili alishiriki kupanga ratiba. Yeye na wenzake wameamua nani aanze na mada ipi, na ameruhusiwa kuunganisha vipindi viwili anapoona inafaa. Jioni wote wawili wamechoka. Wa kwanza amechoka na amekata tamaa, na baada ya miaka michache atafundisha kwa mdomo tu, moyo ukiwa kwingine. Hali hiyo Shirika la Afya Duniani liliieleza mwaka 2019 kuwa ni matokeo ya mkazo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Shirika halikuiita ugonjwa, na lilifanya vyema, maana kuiita ugonjwa kungetufanya tumpeleke mwalimu hospitali na kuiacha ratiba ilivyo.

Wala wazo la kauli ya mfanyakazi halikuletwa kwetu na wataalamu wa London. Mwaka 1970 Waraka wa Rais Na. 1 uliagiza mashirika ya umma ya Tanzania yaunde mabaraza ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye majivuno na udikteta kazini. Mabaraza bado yapo katika utumishi wa umma. Lakini baraza linalokutana kwa nadra kupitisha bajeti haligusi jambo linalomnyima usingizi mwalimu wetu wa kwanza. Kauli inayolinda moyo ni ile ya kila siku, juu ya saa, mpangilio na njia za kazi.

Wako watakaosema kwamba mfanyakazi akiachiwa aamue atategea. Hofu hiyo haina budi kujibiwa. Kuamua namna ya kufanya kazi si kuamua kama ifanywe au isifanywe. Silabasi ni ile ile na mtihani ni ule ule. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami nalikubali: kauli haipunguzi wanafunzi darasani wala haiongezi mshahara, na mkuu anayetoa kauli ili asidaiwe madawati na vitabu anawahadaa walimu wake. Na usingizi, mazoezi ya mwili na mazungumzo na mwenzi unayemwamini vyafaa sana, ila vyote hivyo hufanyika nje ya mahali palipo na chanzo.

Walimu wa Biolojia wanaweza kulijaribu jambo hili darasani. Gawa wanafunzi katika makundi mawili kwa kura, wapime mapigo ya moyo kwa dakika moja wakiwa wametulia, kisha wape wote hesabu zile zile 20 kwa dakika 10. Kundi la kwanza lijichagulie mpangilio wa maswali. La pili lihamishwe kutoka swali hadi swali kwa filimbi ya mwalimu. Wapime tena mara wamalizapo, na tena baada ya dakika 5. Waliotoka kucheza mpira au kunywa chai nzito waandikwe kando, na wanafunzi wasiambiwe mapema ni matokeo gani yanayotazamiwa.