Chipu Itambuliwe kwa Tabia Yake

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usia huu wawafaa sana wahifadhi wa kompyuta za kale, ambao mara nyingi huridhika kusoma maandishi ya mgongoni mwa chipu.

Mwaka 1980 Intel ilitangaza 8087, prosesa saidizi iliyofanya hesabu za desimali kwa haraka kando ya prosesa kuu, 8086 au 8088. Baadaye ilikuja 80287, na mwaka 1987 ikafuata 80387. Maandishi yake yana maana: 8087 isiyo na nyongeza ni ya megahezi 5, 8087-2 ni ya 8, na 8087-1 ni ya 10. Lakini maandishi hufutika, na walaghai huweza kuyakwangua na kuchapa mengine ili chipu ya mwendo mdogo iuzwe ghali. Chipu ya megahezi 5 ikilazimishwa kwenda 8, yaweza kukwama au, vibaya zaidi, kutoa jibu la uongo.

Kwa hiyo chipu na iulizwe yenyewe. Ianzishwe upya, igawanye 1 kwa 0 ili ipate namba isiyo na kikomo, kisha ilinganishe namba hiyo na hasi yake. Katika hali hiyo, 8087 na 80287 ya awali husema kwamba mbili hizo ni sawa. 80387 hukataa, kwani hufuata kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, inayozitenganisha.

Huenda ikasemwa kwamba jaribio hili halitoshi. Ni kweli: halipimi mwendo, wala halitenganishi 8087 na 80287. Lakini maandishi peke yake hupotosha zaidi. 80287XL ina jina la kizazi cha pili, hali ndani imejengwa kwa misingi ya 80387, na hujibu kama 80387. Bila jaribio, tofauti hiyo haionekani.

Yafaa basi walimu wa hisabati na fizikia walifikishe zoezi hili darasani, hata kwa ubao na chaki tu. Mwanafunzi atajifunza kwamba jina ni dai linalohitaji ushahidi, na kwamba hata maana ya namba isiyo na kikomo ndani ya mashine iliamuliwa na watu, katika mwaka unaojulikana.