Nambari ya toleo ni ahadi, iheshimiwe

Duka la Butembo linalopokea malipo kwa simu, au shule ya Bunia inayotumia wazazi ujumbe, halijengi kila kitu lenyewe. Programu yake hubisha kwenye mlango wa kampuni nyingine na kuomba kazi: pokea feza, tuma ujumbe. Mlango huo ndio watu wa informatika wanauita API. Mwenye mlango akibadilisha kufuli bila kutoa habari, kazi inasimama, na mteja anamlaumu mwenye duka.

Ndiyo maana nambari za matoleo si jambo dogo. Kanuni inayojulikana sana, iliyoandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, ina tarakimu tatu. Katika 2.4.1, ya mwisho hupanda kosa likirekebishwa. Ya katikati hupanda kitu kipya kikiongezwa bila kuharibu cha zamani. Ya kwanza hupanda pale mabadiliko yanapovunja kazi ya waliozoea toleo la zamani.

Wengine hutumia tarehe. GitHub iliita toleo lake 2022-11-28, ikaahidi kwamba likitoka jipya, la zamani litaendelea kwa miezi isiyopungua 24. Shopify hutoa toleo kila miezi 3, na kila moja hudumu walau miezi 12.

Makampuni husema kutunza matoleo ya zamani ni gharama. Ni kweli, na hakuna anayeomba yadumu milele. Kinachoombwa ni muda. Tarehe 2 Februari 2023, Twitter ilitangaza kufunga API yake ya bure tarehe 9: siku saba tu. Tarehe hiyo ilisogezwa baadaye, lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Katika inchi yetu, umeme unakatika, mega ni ghali, na mara nyingi fundi mmoja anahudumia wateja wengi. Muda unaotosha Paris hautoshi Beni. Kwa hiyo benki na makampuni ya simu yanayofungua API zao hapa yaandike wazi nambari ya toleo, tarehe ya mwisho wake, na namna ya kuhama, tena kwa lugha ambayo fundi anasoma.

Naye anayejenga aulize hayo kabla ya kutia sahihi. Mlango ukisha kufungwa, kuuliza hakusaidii tena.