Magadi si Magadi Tu: Tuache Kuuziana Unga Usio na Jina

Leo sina habari za chanjo wala za mbolea. Leo nimekuja kugombana. Nitagombana na muuzaji, nitagombana na mnunuzi, na kabla sijamaliza nitagombana na mimi mwenyewe.

Chanzo ni mama mmoja mfugaji ninayemhudumia, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa. Maziwa yake yalirudishwa kituoni siku mbili mfululizo kwa sababu yalifika yameanza kuchachuka. Nilipokagua keni yake nikakuta ndani kuna utando wa mafuta. Nikamwambia kama ninavyowaambia wengine: "Mama, osha kwa maji ya moto na magadi." Akaenda dukani, akaomba magadi ya kuoshea, akapewa kifuko kilichofungwa fundo, hakina hata herufi moja.

Jioni akanipigia simu. Viganja vilianza kuteleza kama vimepakwa bamia, kisha vikaanza kuwaka. Keni yake ya alumini ilichemka mapovu yenyewe bila moto na kugeuka nyeusi. Ndoo yenye maji hayo ilikuwa chini uani, na mjukuu wake ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea alikuwa anaizunguka.

Ule unga ulikuwa kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni ya mche. Siku ya pili nikaenda dukani. Nikakuta ndoo tatu zenye vitu vyeupe, hazina maandishi, na kikombe kimoja kinachochota kote. Nikamuuliza mwenye duka ipi ni ipi. Akacheka: "Afisa, magadi ni magadi tu. Mengine makali, mengine laini."

Hapana. Magadi si magadi tu. Kauli hiyo ndiyo ninayoipinga leo, na naomba unisikilize mpaka mwisho.

Jina moja, vitu vinne

Huku kwetu neno "magadi" au "magadi soda" limebebeshwa vitu vinne tofauti:

1. Magadi ya ziwani. Haya huja kwa mabonge, yenye rangi ya kijivu au nyekundunyekundu. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi kule Kenya. Ndiyo wanayotia watu kwenye maharage na makande yaive haraka.

2. Soda ya kuokea. Ni unga laini wa keki na maandazi. Ukali wake ni mdogo.

3. Soda ya kufulia. Kwenye mfuko wa kiwandani huandikwa "soda ash" au "sodium carbonate". Hii ndiyo ya usafi, ndiyo niliyokusudia kwa yule mama. Kule Ziwa Magadi kiwanda kimekuwa kikiitengeneza kutokana na magadi ya ziwa kwa zaidi ya miaka 100.

4. Kostiki soda. Kwenye mfuko huandikwa "caustic soda" au "sodium hydroxide". Mara nyingi huwa vipande kama magamba au chembe nyeupe. Hii inaunguza ngozi, inapofusha macho, na ikimezwa inaunguza koo na umio.

Sasa sikiliza hesabu. Ukali wa vitu vya jamii ya magadi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yako kwenye 7. Soda ya kuokea iko karibu na 8. Soda ya kufulia iko karibu na 11. Kostiki soda inafika 13 hadi 14. Kila namba moja inapopanda, ukali unaongezeka mara 10. Kwa hiyo kutoka 11 mpaka 13 ukali umeongezeka mara 100. Halafu mtu ananiambia kikombe ni kimoja na jina ni moja!

Kwako mwenye duka

Najua majibu yako, maana nimeyasikia kwenye maduka mengi.

Unasema wateja hawasomi. Mbona bei wanaisoma? Mbona mchele wa daraja la kwanza na la pili umeubandikia vikaratasi, na hakuna aliyewahi kuungua mkono kwa mchele? Karatasi, kalamu na gundi ya utepe haviwezi kukufilisi. Asiyejua kusoma mchoree: kanga ndani ya beseni kwa soda ya kufulia, mkono uliopigwa mkasi kwa kostiki. Ataelewa.

Unasema wateja wenyewe huomba "magadi" bila kufafanua. Basi uliza! Mteja akisema "nipe dawa", duka la dawa halimpi chupa ya kwanza iliyo karibu. Swali moja tu linatosha: "Ya kupikia, ya kufulia, au ya kutengenezea sabuni?"

Unasema faida ni ndogo ukiuza mfuko mzima wa kiwandani, ndiyo maana unapima kidogokidogo. Pima, sikukatazi kupima. Lakini kila kifuko kiwe na jina, kila ndoo iwe na kikombe chake, na kostiki usiiweke kabisa kwenye chupa ya maji au ya soda. Kwenye viuatilifu tumelisema hili miaka mingi na wengi wenu mmelielewa. Kostiki haina udugu na mtoto kuliko kiuatilifu. Tena kumbuka kwamba kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake nchini tangu mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini mimi sikutishi kwa sheria. Nakuuliza kama jirani: kifuko hicho kisicho na jina ungekipeleka nyumbani kwako?

Kwako mnunuzi

Wewe nawe una lako. Unaniambia, "Babu zetu walitumia magadi na hawakudhurika."

Babu zetu walikuwa na magadi ya aina moja. Waliyajua kwa macho: bonge lilionekana, lilitoka ziwani, lilikuja na mfanyabiashara waliyemfahamu. Leo mifuko inatoka viwandani na nje ya nchi, vitu vinne vimejikusanya chini ya jina lile lile la zamani. Kilichobaki cha babu ni neno tu, kitu chenyewe kimebadilika. Na hata hayo ya babu hayakuwa bila doa: magadi ya maziwa yale hubeba floraidi, madini yanayochangia kufanya meno ya watoto kuwa na rangi ya kahawia. Ukiona meno hayo kwenye vijiji vya Arusha na Kilimanjaro, usiseme ni uchafu. Maji ndiyo chanzo kikubwa, na magadi ya kwenye chungu huongezea.

Wengine mnaniambia mmejua njia ya kutambua: mnaonja. Acheni mara moja! Ulimi si maabara. Kuna njia ya limau: ukidondoshea limau juu ya chembe kidogo za soda ya kufulia, hutoa mapovu, na kostiki safi haitoi. Lakini kostiki iliyokaa wazi hubadilika kiasi na yenyewe huweza kutoa mapovu, kwa hiyo usiiamini njia hiyo kuliko maandishi ya mfuko. Dalili nyingine ni kwamba kostiki ikiachwa wazi huvuta unyevu wa hewa na kulowana. Ukiona hivyo, usiguse. Lakini kwa nini wewe mfugaji ulazimike kuwa mkemia mbele ya kaunta? Dai jina. Kifuko hakina jina? Rudisha, chukua hela yako.

Ukiipata ya kweli, ifaidi

Nisieleweke vibaya. Sikatazi soda ya kufulia. Naipigia debe. Wengi wenu mnatumia hela nyingi kwa sabuni za unga zenye manukato, mkidhani povu ndiyo usafi. Povu si usafi. Soda ya kufulia haina povu wala harufu, lakini inalainisha maji magumu ya kisima yanayogomea sabuni, na inalegeza mafuta yaliyoganda. Kwa chombo cha maziwa, kutokuwa na harufu ni sifa kubwa, kwa sababu maziwa huvuta harufu upesi.

Kiasi: vijiko 2 vya chakula, vilivyosawazishwa, kwa lita 5 za maji ya moto. Kama uliyopata ni ya vipande vinavyong'aa kama barafu, hiyo ina maji ndani yake zaidi ya nusu ya uzito wake, hivyo pima uzito mara mbili na nusu hivi.

Kwa ndoo au keni ya maziwa ya chuma kisichoshika kutu, au ndoo ya plastiki yenye mdomo mpana:

- Suuza kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu mara tu unapomaliza kumimina maziwa. Ukianza na maji ya moto sana unayagandisha mabaki ya maziwa kwenye chombo.
- Osha kwa maji ya moto yenye soda, kwa brashi, hasa kwenye mfuniko, mpira na pembe za chini.
- Suuza vizuri kwa maji safi, mara mbili. Soda haitakiwi kubaki.
- Mwagia maji yanayochemka. Soda inaondoa mafuta na uchafu, lakini haiui vijidudu vyote. Wengi hukosea hapa.
- Kifudikize juu ya kichanja, juani, pasipo vumbi.

Ukiona utando mgumu mweupe kama chokaa, huo ni madini ya maziwa, soda haiutoi. Tumia siki au limau siku nyingine. Usichanganye siki na soda pamoja kwa kupenda mapovu yake, kwani vinamalizana nguvu na unabaki na maji ya chumvi.

Nyumbani, soda hiyo hiyo inafaa kwa sakafu ya saruji ya jikoni yenye mafuta, meza ya vigae, nguo nyeupe za pamba na ovaroli za fundi. Usiitumie kwenye alumini, na sufuria nyingi tunazonunua sokoni ni alumini: zitageuka nyeusi na kuliwa. Usiitumie kwenye sufu, hariri, wala mbao zilizopakwa rangi. Vaa glavu, au hata mfuko wa plastiki mkononi, na usipulize vumbi lake.

Na wewe mchuuzi wa maziwa unayetia "magadi" kidogo kwenye maziwa yaliyoanza kuchachuka ili yapite kituoni, nawe nimekuona. Soda ni ya kuoshea keni, si ya kuficha uchachu. Na kwa jinsi vifuko vyetu vilivyo, wewe mwenyewe hujui umetia nini.

Ajali ikitokea

Ngozi ikiguswa na kostiki: vua nguo iliyolowa, mwagia maji mengi yanayotiririka, usipake mafuta. Jicho: mwagia maji safi bila kukoma kwa angalau dakika 20, ukishika kope zikiwa wazi, kisha kituo cha afya. Mtoto akimeza: usimtapishe, maana kinachounguza kikipanda kinaunguza mara ya pili. Usimpe limau wala siki. Msukutue mdomo kwa maji, ayateme, kisha mkimbize hospitali pamoja na kifuko chenyewe. Na hapo ndipo utakapojua thamani ya jina. Daktari atakuuliza, "Amekunywa nini?" Utajibu, "Magadi." Utakuwa hujamwambia kitu.

Na mimi pia

Niliahidi kujigomba. Yule mama sikumwambia "soda ya kufulia". Nilimwambia "magadi", kwa sababu ndivyo tunavyosema semina zote. Sikumuuliza keni yake ni ya chuma gani. Hata kama angeuziwa ile sahihi, alumini ile ingeharibika, na lawama ingekuwa yangu. Mwenye duka alichota kutoka ndoo isiyo na jina, lakini mimi ndiye niliyempeleka dukani na neno lisilo na maana moja. Viganja vyake vimepona baada ya majuma kadhaa ya kukamuliwa na mwanawe. Keni haikupona.

Kwa hiyo kuanzia sasa, ukinisikia mkutanoni nikisema "magadi" peke yake, nikatize hapo hapo: "Afisa, magadi gani?" Sitakasirika. Na ukifika dukani muulize mwenye duka swali hilo hilo, kwa heshima lakini bila kuona haya.

Wewe mwenye duka, usingoje mkaguzi. Leo jioni kabla hujafunga, chukua kalamu, andika majina ya ndoo zako. Kama kuna ndoo ambayo wewe mwenyewe huna uhakika ni nini, usiuze hata kijiko. Ifunge, iweke juu mbali na watoto, halafu nipigie mimi au bwana afya wa kata tuje tuiangalie pamoja.

Tukutane wiki ijayo. Tutarudi kwenye majani ya malisho.