Kilomita Hazilipi Gawio

Katika soko la hisa, habari ya ndege kwenda mbali husisimua kuliko hesabu za mwaka. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari ya Nairobi hadi New York bila kutua njiani. Kati ya viwanja hivyo viwili pana takriban kilomita 11,800, na ndege hukaa angani saa 15 hivi ikienda. Wapo waliohesabu kilomita wakaona faida. Hesabu hiyo ina kasoro.

Safari ndefu ni mafuta mengi, na mafuta ni uzito. Saa za mwanzo ndege huchoma mafuta ili ibebe mafuta ya saa za mwisho. Uwanja wa Nairobi nao uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jua likiwa kali ndege hulazimika kupunguza uzito ndipo inyanyuke. Kinachobaki chini ni mizigo, na mizigo ni mapato.

Singapore Airlines ilikwisha kuonja hayo. Mwaka 2004 ilianza kuruka moja kwa moja hadi Newark, jirani na New York, umbali wa kilomita 15,300 hivi, kwa Airbus A340-500 ya injini nne. Mwaka 2008 ikabakiza viti 100 tu, vyote vya daraja la biashara. Bado mafuta yalikula mapato, na Novemba 2013 safari ikafutwa. Ilirudi Oktoba 2018 kwa A350-900ULR ya injini mbili, viti 161, bila daraja la kawaida. Umbali ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni gharama ya mafuta kwa kila kiti.

Wenye hisa za Kenya Airways wanajua bei ya somo hili. Hisa hizo zilisimamishwa Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye shida ya fedha hakuweza kuziuza sokoni. Hesabu za 2024 zilionyesha faida ya shilingi bilioni 5.4, lakini nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya bilioni 12, baadhi ya Boeing 787, ndege za safari za mbali, zikiwa zimelazwa chini.

Mwekezaji mdogo asinunue ramani. Kabla ya kutoa fedha aulize: ndege ngapi zinaruka, viti vingapi vinajaa kwa nauli kamili, na deni ni kiasi gani? Shirika lisilo na majibu hayo, hata likiruka hadi mwisho wa dunia, halifai kukabidhiwa akiba ya mtu.