Windows XP haikuwa kilele

Makala ya wiki iliyopita ilidai kwamba mifumo ya kompyuta za nyumbani ilifika kileleni na Windows XP, na yaliyofuata ni mapambo tu. Sikubaliani hata kidogo.

XP ilipotoka Oktoba 2001 ilikuwa hatua kubwa, hilo ni kweli. Windows 98 ilijengwa juu ya MS-DOS. Programu moja ikikwama, mara nyingi mashine nzima ilikwama nayo. Nywila yake haikulinda kitu: ulibonyeza kitufe cha kughairi, ukaingia, na faili za wote zikawa mbele yako. XP ilileta majumbani kiini imara cha Windows NT, mfumo wa maofisini, na sifa hiyo haiwezi kunyang'anywa.

Lakini usalama je? XP iliuzwa ukuta wake wa moto ukiwa umezimwa. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulisambaa kwenye intaneti bila mtu kufungua hata barua pepe moja. Kompyuta ilijizima na kujiwasha, mwenyewe akiitazama tu. Mpaka sasisho la Service Pack 2, mwaka 2004, ndipo ukuta ule ulipowashwa tangu mwanzo. Tena wengi nyumbani waliitumia XP kwa mamlaka kamili ya msimamizi, kwa hiyo kirusi kilichokuja na flashi kilifanya kitakavyo. Vista, iliyotukanwa sana, ndiyo Windows ya kwanza kusimama na kuuliza ruhusa.

Lipo la kulalamikia leo: Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kuzikataa kompyuta ambazo bado ni nzima. Kwa hilo mwandishi angepaza sauti, ningemuunga mkono.